Bima ya Peugeot 504 ya 1978: kampuni zinaikataa kwa sababu ya umri, nifanyeje?

Mpenzi504 (Kampala)
Wadau, habari zenu. Nina 504 ya mwaka 1978, rangi ya maziwa, bodi safi haina kutu. Thad pati ninayo, stika ipo kiooni. Nataka bima kubwa, ile inayolipia na gari langu mwenyewe, lakini kampuni mbili zimenikatalia zilipoona mwaka kwenye logibuku, kitabu cha usajili wa gari. Ya tatu imekubali, ila inalihesabu kama chuma chakavu. Gari lenyewe natoka nalo Jumapili, na mara mojamoja linabeba maharusi. Nawezaje kupata bima ya bei ninayoimudu?

Mama Bima
Kaka, pole. Thad pati ni ya lazima kwa sheria ya 1989, lakini inamlinda uliyemgonga, bati lako haigusi. Usizunguke tena mlango kwa mlango. Tafuta dalali wa bima mwenye leseni. Kamisheni yake hulipwa na kampuni, naye anajua nani bado anaandikia magari ya zamani. Orodha ya wenye leseni iko kwa mamlaka ya bima, IRA.

Kabla ya hapo, mwite mthamini apige picha na kuandika ripoti. Kisha omba thamani ya makubaliano: mnaandika kiasi leo, na gari likiteketea ndicho kinacholipwa. Bila hiyo watakulipa bei ya soko siku ya ajali, na 504 sokoni kila mtu ana bei yake.

Tafadhali usishushe thamani ili ulipe kidogo. Gari la milioni 40 ukiliandikisha milioni 20, ukapata hasara ya milioni 8, utalipwa 4. Wamekuhesabu kwamba nusu umejibebea mwenyewe.

Fundi wa Ndeeba
Injini ni ileile iliyotoka nayo? 504 nyingi hapa mjini zimevalishwa injini ya Toyota na logibuku haijaguswa. Mthamini anasoma namba ya injini. Ikipishana na kitabu, hata ukipewa bima, siku ya kudai utasumbuka. Rekebisha kitabu kwanza.

Halafu funua boneti uutazame mpira wa petroli unaoingia kabureta. Ukiukunja ukaona nyufa, toa, weka mpya leo. Magari ya umri huu moto huanzia hapo, au kwenye nyaya kuukuu nyuma ya dashibodi.

Mzee wa Jinja
Mwanangu, bima kubwa ikikushinda, uliza thad pati yenye moto na wizi. Bei yake ni ya chini, na kwa gari linalolala gereji wiki nzima hayo ndiyo ya kuogopa. Mimi ndiyo niliyonayo.

Lakini hao maharusi wanakulipa?

Mpenzi504
Ndiyo mzee, wanalipa kidogo. Injini ni yake, namba zinalingana.

Mama Bima
Basi sema wazi. Ukiandika matumizi binafsi, ukagonga ukiwa na bibi harusi wa kulipia, wana haki ya kukataa dai. Ama ulipie nyongeza ya kukodisha, ama uache harusi. Ukitaka kupunguza bei, ongeza kile kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai. Hapo bei hushuka kwa halali.

Mpenzi504
Asante sana dada. Harusi naziacha. Hiyo thamani ya makubaliano niidai kabla ya kulipa au baada?

Mama Bima
Kabla. Na iandikwe ndani ya hati ya bima yenyewe, usikubali ujumbe wa simu wa dalali.