Naomba ushauri: kupanga asidi ya salisili na adapalini kwa vitundu vikubwa vya usoni

Habari zenu. Naomba ushauri wa kupanga dawa mbili kwa ngozi ya mafuta yenye vitundu vikubwa puani na mashavuni.

Asubuhi ni kunawa kwa sabuni laini ya uso, losheni nyepesi isiyoziba vitundu, kisha kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Usiku wa Jumatatu na Alhamisi ni asidi ya salisili ya asilimia 2. Hii huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana hupenya hadi ndani ya kitundu na kulegeza taka zilizogandamana. Jumanne na Jumamosi usiku ni adapalini ya asilimia 0.1 (dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A), kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, ngozi ikiwa imekauka kabisa. Siku zilizobaki ni losheni tu.

Wasiwasi wangu ni Jumatatu na Jumanne kufuatana, maana kingo za pua ndizo huwahi kubabuka. Je, asidi ipunguzwe iwe mara moja kwa wiki hadi ngozi iizoee adapalini, au ihamie asubuhi? Na niasinamidi (aina ya vitamini B3 ya kupaka) ya asilimia 5 iongezwe sasa, au baada ya wiki 12 za adapalini?

Tafadhali, ndimu na magadi tuviache kabisa. Ndimu huweza kuunguza ngozi ikikutana na jua, na magadi huvuruga tindikali ya asili inayoilinda. Barafu nayo hukaza ngozi kwa dakika chache tu, kwani vitundu havina misuli ya kuvifunga.

Mjamzito asiige mpango huu. Adapalini haishauriwi wakati wa ujauzito.