Lenzi ya sklera: kiputo na ukungu

Swali: Nina keratokonasi (konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imechongoka). Kila nikivaa lenzi ya sklera (ile kubwa inayokaa juu ya weupe wa jicho) kunabaki kiputo cha hewa chini yake, na baada ya masaa manne naona ukungu. Nakosea wapi?

Jibu: Salaini (maji ya chumvi) unayojaza kwenye lenzi ni kidogo. Jaza mpaka maji yavimbe juu ya ukingo, inama uso uitazame meza, panua kope, pandisha lenzi wima bila kusita. Kiputo kikibaki, vua urudie. Penye kiputo konea inakauka.

Jibu: Salaini iwe isiyo na vihifadhi, maana inakaa juu ya konea kutwa. Ukungu mara nyingi ni uchafu ulionaswa chini: vua, suuza, jaza upya. Ukijirudia kila siku, mtaalamu aangalie ukingo wa lenzi.

Jibu: Kuvua, kinyonyeo (kifaa cha mpira cha kuvutia lenzi) kikae karibu na ukingo, si katikati! Na maji ya bomba yasiguse lenzi: yanaweza kuwa na akanthamiba, kimelea kinachoshambulia konea.