Mrejesho: mchezo wetu wa kuzingirwa Fort Jesus

Ahsanteni sana. Niliwauliza tufanyeje ili wachezaji, kila mmoja akiwa ndani ya uhusika wake, wajihisi kweli wamezingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, mwaka 1697, nasi tuna ua wa nyumba ya Mji wa Kale tu na pesa kidogo.

Ushauri wa kuanza na pua ulifaa mno. Tulizima stima, tukawasha kandili, na chetezo cha ubani tukakiweka nyuma ya mlango, moshi umpokee mtu kabla hajaona kitu. Simu zilibaki mlangoni. Kisha chakula: uji wa mtama na tende, kipimo kikipunguzwa kila zamu bila kutangazwa. Hapo watu wakaanza kutazamana kwa shaka. Dada mmoja alifunga tende kwenye pindo la leso yake, na hakuagizwa na mtu!

Ngoma za mbali niliziondoa; kwenye ua mdogo zinameza maneno ya watu.

Maradhi, yaliyoua wengi mle ngomeni, tuliyaonyesha kwa kitambaa cheupe: ukipewa, unalala.

Sasa tunaandaa upande wa Waomani, mpaka ngome inapoanguka Desemba 1698. Mwenye majoho ya kuazimisha aniambie.