Rolex ya mayai mawili asubuhi: ina lishe kiasi gani?

Swali: Wadau, rolex (chapati iliyokunjwa na mayai ndani) ya chapati moja, mayai mawili, nyanya na kabichi inatoa nini mwilini? Inatosha mpaka saa saba mchana?

Jibu 1: Inatosha, ssebo (bwana). Mayai mawili yana protini gramu 12 na kalori 140 hivi. Chapati ya unga gramu 60 inaongeza kalori 210 na protini gramu 6. Shida ni mafuta: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na muuzaji humimina mara mbili, kwenye chapati kisha kwenye mayai. Hapo umekaribia 600.

Jibu 2: Mwambie apime kwa kijiko, si kumimina na chupa. Kikaango kisipopata moto vizuri yai linashika chini, ndipo anaongeza mafuta. Nyanya na kabichi ziwekwe mbichi juu ya yai lililoiva, kabla ya kukunja. Moto huua vitamini C. Chai nayo isubiri saa moja, maana hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Jibu 3: Ukiongeza soseji, yai lisitiwe chumvi. Soseji inayo ya kutosha.