Majirani Tabata Kimanga: sindano za jenta

Mama Sauda: Habari za jioni majirani. Kuna mgonjwa ana UTI iliyopanda hadi kwenye figo, ameandikiwa sindano za jenta (jentamisini) siku 5, anaanza kesho. Mmoja anasema ni dawa nzuri sana, mwingine anasema zinaua masikio. Tushike la nani?

Deo Famasi: Pole na mgonjwa, mama. Wote wawili wamesema kweli. Jentamisini inaua bakteria ambao vidonge vingi vimeshawashindwa, na bei yake ni nafuu. Ila dozi yake inatoka kwenye kilo za mwili na hali ya figo. Ukiona mtu mzima anachomwa ampuli (kichupa cha dawa) moja kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini, ujue hesabu haikufanyika.

Mama Sauda: Hesabu gani hiyo mwanangu?

Deo Famasi: Mtu mzima mwenye figo nzima kwa kawaida ni miligramu 5 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku. Kilo 60 ni miligramu 300. Ampuli kubwa ina miligramu 80 kwenye mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Gawanya 300 kwa 40 unapata mililita 7.5, ni ampuli 4 kasoro kidogo. Hizo ni nyingi kwa msuli, kwa hiyo zinawekwa kwenye dripu ya mililita 100 ya maji ya chumvi, iingie taratibu kwa dakika 30 hadi 60. Figo zikiwa dhaifu, daktari hupunguza dozi, au hurefusha muda kati ya sindano na sindano, au hubadilisha dawa kabisa.

Sista Halima: Hapo kwenye ampuli naomba nitilie mkazo kwa ajili ya watoto wachanga. Zipo za aina 2 na zinafanana: moja ina miligramu 20 kwenye mililita 2, nyingine 80 kwenye mililita 2 hizo hizo. Kichanga wa kilo 3 anayepewa miligramu 5 kwa kilo anahitaji 15. Kwa ampuli ndogo unavuta mililita 1.5. Kwa kubwa unavuta 0.375, kwa bomba la mililita 1, mstari unaishia chini kidogo ya 0.4. Ukivuta 1.5 kutoka kwenye ile kubwa umempa miligramu 60, mara 4 ya dozi. Kibandiko kisomwe kwa sauti, na mwenzako arudie hesabu kabla sindano haijamgusa mtoto.

Mzee Mwinyi: Wanangu, mbona zamani walikuwa wanachoma kila baada ya saa 8?

Upendo Maabara: Shikamoo mzee. Ilionekana kwamba dawa hii inaua kwa kilele chake: kadiri inavyopanda juu kwenye damu, ndivyo inavyoua wengi. Na hata ikishashuka, bakteria waliobaki wanakaa saa kadhaa bila kuongezeka. Figo na sikio ni kinyume chake. Seli zake zinanyonya dawa kidogo kidogo, zikishajaa kwa wakati huo hazinyonyi zaidi. Dozi 1 kubwa yenye mapumziko marefu inaziumiza kidogo kuliko dozi ndogo zinazofululiza mchana na usiku.

Mzee Mwinyi: Marahaba. Na inamuua vipi huyo mdudu?

Upendo Maabara: Ndani ya bakteria kuna ribosomu, ndipo protini zinapotengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni. Jenta inakaa kwenye kipande kidogo cha ribosomu, pale pale maelekezo yanaposomwa, na yanaanza kusomwa vibaya. Zinatoka protini mbovu. Nyingine zinaenda kukaa kwenye utando wa bakteria, utando unavuja, dawa inazidi kuingia, na anakufa. Doksisaiklini nayo inagusa ribosomu, lakini kwa kawaida inamzuia tu asiongezeke.

Ila ili dawa ipite utando huo mwanzoni, bakteria lazima awe anatumia oksijeni. Ndiyo maana kwenye jipu lililojaa usaha jenta haifui dafu: mle oksijeni hakuna na asidi ni nyingi. Jipu lipasuliwe. Na bakteria wasiohitaji oksijeni wanatafutiwa dawa nyingine, kama metronidazo.

Mama Sauda: Na huo usugu tunaousikia kila siku redioni?

Upendo Maabara: Kwa jenta na dawa za ukoo wake, kama amikasini na kanamisini, njia kubwa ni vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kemikali. Kwa hivyo bakteria anabandika kipande cha kemikali juu ya dawa, nayo haikai tena kwenye ribosomu. Jeni za vimeng'enya hivyo mara nyingi zipo kwenye plasmidi, kiduara cha DNA ambacho bakteria mmoja anampa mwingine, hata wa jamii tofauti. Amikasini ilitengenezwa kutoka kanamisini kwa kuongezewa mkia unaozuia vingi vya vimeng'enya hivyo, ndiyo maana wakati mwingine jenta inagoma na amikasini inafanya kazi. Kuna bakteria wengine wanaibadilisha ribosomu yenyewe, na hao wanaweza kuzishinda zote mbili kwa pamoja.

Streptomisini ndiyo ya kwanza katika ukoo huu, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Ilipojaribiwa peke yake kwa kifua kikuu, usugu ulijitokeza ndani ya miezi michache tu.

Mama Sauda, mkojo upelekwe maabara kuoteshwa, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua, KABLA ya sindano ya kwanza. Mkojo wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho, kikopo safi cha maabara, ufike ndani ya saa 2. Majibu ni siku 2 hadi 3.

Deo Famasi: Sasa madhara. Figo huanza kulegea mara nyingi baada ya siku 5 hadi 7, na mkojo unaweza kuendelea kutoka vizuri tu, kwa hiyo msiutegemee mkojo, pimeni kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Dawa ikisimamishwa mapema, figo nyingi hurudi. Sikio ndilo linaloniumiza roho. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Sauti nyembamba zinatangulia kupotea: mtu anamsikia muadhini vizuri, simu ikilia pembeni haisikii. Jenta inapenda pia kuharibu mizani ya mwili, mtu anayumba, hasa akitembea gizani. Na inaweza kuanza baada ya sindano kuisha.

Sista Halima: Ulizeni na ukoo wa mama wa mgonjwa kama kuna aliyepata uziwi kwa sindano hizi. Kuna hitilafu ya jeni inayopita kwa mama, mwenye nayo anaweza kuwa kiziwi hata kwa dozi sahihi. Pia jenta isichanganywe bomba moja na ampisilini wala seftriaksoni, zinaharibiana. Mpira wa dripu usafishwe kwa maji ya chumvi katikati ya dawa moja na nyingine.

Mama Sauda: Kwa hiyo kesho tudai nini?

Sista Halima: Apandishwe kwenye mzani, msikadirie kwa macho. Kreatinini kabla ya kuanza na tena siku ya 3. Anywe maji kama hajakatazwa, joto hili linakausha, na figo iliyokauka inaumia upesi. Masikio yakianza kuvuma au akipata kizunguzungu, sindano inayofuata isubiri daktari. Na mpeleke orodha ya dawa zote anazomeza.

Mama Sauda: Anameza Lasix, ile ya kukojoza, asubuhi, na diklofenaki ya maumivu ya mgongo.

Deo Famasi: Mama, hizo 2 mwambieni daktari usiku huu kwa simu. Lasix na jenta kwa pamoja zinaongeza hatari ya sikio, diklofenaki inaongeza ya figo. Diklofenaki asimeze tena mpaka daktari ajibu. Lasix msiiache kwa uamuzi wenu, yeye ndiye aamue.

Mama Sauda: Napiga sasa hivi.