Nyigu wa kichochoroni

Mama Zuhura: Hamjambo majirani. Anayetaka kupita kichochoro cha kwa Mzee Salum asome hapa kwanza. Kuna kiota cha nyigu kwenye ua, usawa wa kichwa cha mtoto. Zuhura kaumwa mara tatu shavuni.

Rehema: Pole jamani. Anapumua vizuri? Midomo au ulimi umevimba? Vipele mwilini?

Mama Zuhura: Hapana, ni shavu tu, na kilio.

Rehema: Mwoshe kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi. Akianza kuhema kwa shida, ulimi ukivimba, akatapika au kizunguzungu kikamshika, usimsubiri baba yake, ni hospitali saa ileile. Wana sindano ya adrenalini.

Baba Neema: Una hakika ni nyigu, si nyuki?

Mama Zuhura: Kiuno chembamba, na hakuna mwiba uliobaki. Kiota cha kijivu kama karatasi iliyolowa ikakauka, kikubwa kama mpira.

Baba Neema: Nyigu hao. Nyuki huacha mwiba wake kwenye ngozi, nyigu anachomoa anarudia. Na hiyo karatasi ni mbao walizozitafuna wakachanganya na mate.

Juma: Nina petroli ya pikipiki. Giza likiingia namwaga, kiberiti, kwisha.

Bi Mwanaidi: Juma mwanangu, ua ule mkavu umeegemea ukuta wangu. Utachoma nyigu na mimi nimo ndani.

Juma: 😂 Basi niwazibie tundu kwa udongo.

Baba Neema: Watatafuna watokee kwingine. Wala usiponde hata mmoja hapo karibu, akipondwa anatoa harufu inayowaamsha wenzake.

Mama Zuhura: Halafu ua una mwenyewe. Hatuwezi kuingia tu kwa mtu na moto.

Mzee Salum: Nipo safarini ila nasoma. Pole sana mjukuu wangu. Kile kiota nilikiona kikiwa kama kikombe, nikakiacha, maana nyigu wananilia viwavi bustanini.

Bi Mwanaidi: Shikamoo Mzee. Viwavi sawa, lakini njia tunapita wote. Mimi na mkongojo wangu nitakimbiaje?

Mzee Salum: Marahaba. Kweli kabisa. Wangekuwa kule ndani ningewatetea, hapo njiani siwezi. Tafuteni mtu wa kupuliza dawa, namruhusu aingie, gharama yangu.

Juma: Nampata kesho. Sasa hivi nafunga kamba pande zote mbili.

Rehema: Funga mbali na kiota, na usigonge nguzo za ua. Mtikisiko tu unawatoa.

Mama Zuhura: Jambo jingine. Zuhura anasema walikuwa watatu, na mmoja alirusha jiwe.

Baba Neema: Watoto hawa! Nani huyo?

Mama Zuhura: Muulize Neema.

Bi Mwanaidi: 👀

Juma: Mwalimu wa nyigu kanyamaza.

Baba Neema: Nimemuuliza. Tunakuja wote wawili kuomba radhi.

Mama Zuhura: Karibuni. Msipite kichochoroni 😂

*Kesho yake*

Juma: Kamba ipo, nimeandika NYIGU kwenye boksi. Fundi anakuja magharibi, wakisharudi wote kiotani. Anasema tusimmulikie kwa tochi zetu, wanaufuata mwanga.

Bi Mwanaidi: Nimeshafunga madirisha.

Juma: Amemaliza. Kavaa kama anakwenda mwezini. Kamba ibaki hadi kesho jioni, waliolala nje wanaweza kurudi. Kiota atakuja kukiondoa mwenyewe.

Mzee Salum: Ahsante Juma. Kisitupwe, nataka kukiona.

Mama Zuhura: Mzee, Zuhura anakitaka apeleke shule.

Mzee Salum: Basi ni chake. Ameshakilipia.

Rehema: Kimejaa sumu hicho! Mpigieni picha.