Bedford MK iliyotoka jeshini: bomba la moshi lipite chini, litokee ubavuni au lisimame wima?

Mfuga Ngamia, Isiolo
Habari zenu, ndugu. Nina Bedford MK, lori la dizeli lenye injini ya lita 5.4, silinda 6, isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ambalo nililinunua mnadani baada ya kuondolewa jeshini. Hubeba marobota ya nyasi kutoka Isiolo hadi Marsabit, na wakati wa kiangazi huacha lami na kuingia Kargi na pembezoni mwa jangwa la Chalbi. Sailensa yake imeoza kiasi kwamba nikiinama naiona ardhi kupitia tumboni mwake, na bomba limeungwa na mafundi walionitangulia, kila mmoja kwa kipenyo alichokikuta karakanani siku hiyo.

Kwa kuwa sina budi kulijenga upya kuanzia kwenye flanji ya manifoldi, yaani pale moshi wa silinda zote unapokusanyika na kuingia bombani, naomba tulinganishe njia tatu. Ya kwanza ni kulirudisha kwa kipenyo cha milimita 63, likipita chini ya chesisi hadi nyuma kabisa. Ya pili ni kulipanua hadi milimita 76 na kulitolea ubavuni, mbele ya tairi la nyuma. Ya tatu ni kulisimamisha wima nyuma ya kebini. Turniboi wangu anayo ya nne, yaani kuiondoa sailensa kabisa ili lori lisikike likiwa mbali, lakini hiyo nimeikataa kabla sijauliza, kwa sababu katika MK injini iko ndani ya kebini pamoja nasi na masikio ni yangu.

Fundi Mstaafu, Nakuru
Karibu, Mfuga Ngamia. Kabla ya kujadili mahali bomba litakapotokea, tuyamalize ya kipenyo, kwa maana hayo yanapigika hesabu.

Injini ya viharusi vinne huvuta hewa ya ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa lita 5.4 na mizunguko 2,600 kwa dakika, hiyo ni karibu mita za ujazo 7 kwa dakika, na kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu, tuseme 6. Moshi unaotoka ukiwa na joto la nyuzi 480 hivi hutanuka mara mbili na nusu ya hewa iliyoingia, kwa hiyo bomba lako linapitisha mita za ujazo 15 kwa dakika, au robo ya mita ya ujazo kila sekunde. Ndani ya bomba la milimita 63 moshi huo hukimbia mita 80 kwa sekunde, ndani ya milimita 76 hukimbia mita 55, na ndani ya milimita 89 hukimbia mita 40. Kizuizi hukua kwa mraba wa kasi. Maana yake, kutoka 63 kwenda 76 unakipunguza kwa zaidi ya nusu, ilhali kutoka 76 kwenda 89 unapunguza kitu ambacho tayari kimekuwa kidogo, na unalipia chuma kingi zaidi na kona zisizopita kwa urahisi kando ya sanduku la gia.

Wapo watakaokuambia kwamba injini inahitaji kuzuiwa kidogo kwa nyuma ndipo iwe na nguvu. Dizeli isiyo na turbo haihitaji kuzuiwa hata kidogo. Inachohitaji ni kutoa moshi wote ili hewa safi ipate nafasi. Hata hivyo usitegemee miujiza: kwa bomba pana na sailensa nzuri utapata wepesi kidogo mlimani, si injini nyingine. Na milimita 76 zote hazina maana ikiwa utaziingiza kwenye sailensa yenye mdomo wa milimita 50.

Dereva wa Mkonge, Tanga
Shikamoo, Fundi. Sina ubishi na hesabu, ila kuhusu mahali pa kutokea mimi nasimama na bomba la wima, kwa kuwa nimeliendesha miaka sita katika barabara za mashamba. Bomba la chini hugonga kingo za mitaro na hujaa tope, na likitoa hewa yake karibu na ardhi huinua vumbi ambalo sehemu yake hurudi kwenye chujio la hewa. La wima halina matatizo hayo. Katika kuvuka maji pia lina faida, kwa sababu bomba lililozama halidhuru injini inayounguruma, lakini injini ikizimika katikati ya mto, maji hupanda kimyakimya kuelekea kwenye manifoldi.

Kasoro zake nazo nizitaje. Masika ya kwanza nilisahau kifuniko cha juu, nikakuta maji yametuama kwenye kona ya chini. Sasa nimekata mdomo wake kimshazari na kutoboa tundu dogo mahali maji yanapokusanyika. Kwako wewe liwekwe kushoto, kwa kuwa dereva anakaa kulia.

Mama Chuma, Kariobangi
Ndugu zangu, mnabishana juu ya njia huku hakuna aliyeuliza bomba litakuwa la chuma gani, na huko ndiko fedha za wateja wangu zinakopotelea. Ukimwachia fundi achague, huenda akakuletea bomba la maji lililopakwa zinki. Usilikubali. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomwachia fundi homa na kutetemeka usiku mzima, na bomba lenyewe ni zito bila faida. Chuma cha kawaida cha unene wa milimita 2 kinatosha kwa lori linalokwenda safari ndefu, kwa sababu joto hukausha maji yote ndani. Kinachoozesha bomba mapema ni safari fupifupi za mjini, ambazo huacha unyevu wenye asidi ukilala ndani ya sailensa. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri kwa mwenye uwezo, ila kinatanuka zaidi.

Kutanuka huko ndiko hupasua viungo. Mita 3 za chuma cha kawaida zikipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka milimita 11 hivi, na za chuma kisichoshika kutu hufikia 15. Ukiongeza kwamba injini inacheza juu ya mipira yake na chesisi ya MK inajipinda kwa makusudi porini, utaona kwa nini bomba lililochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi hupasuka kila baada ya miezi michache, na fundi akalaumiwa kwa uchomeleaji. Weka kiungo kinachonyumbuka karibu na manifoldi, kisha sehemu nyingine zote zining'inie kwenye mipira. Bomba la wima ndilo gumu zaidi hapa: linataka mguu wake juu ya chesisi, wala lisifungwe kwenye kebini, kwani kebini na chesisi havichezi pamoja.

Mfuga Ngamia
Asanteni. Dereva wa Mkonge, ulikaribia kunishawishi, ila marobota yangu hupangwa juu kupita paa la kebini na kufunikwa turubai. Je, bomba la wima litakaa umbali gani kutoka hapo?

Dereva wa Mkonge
Nyasi kavu! Hapo nimenyamaza. Mkonge ninaobeba mimi hupakiwa ukiwa mbichi. Hata ukiweka kinga ya bati, cheche moja ya masizi ikitua kwenye turubai ukiwa katikati ya Marsabit na Kargi, hakuna wa kukusaidia. Lisimamishe siku utakayobadilisha biashara.

Fundi Mstaafu
Naongeza kwamba njia ya kwanza nayo haikufai. Nyuma ya bodi refu hewa huzunguka na kurudi ndani, na hurudi na moshi; wapakiaji wanaokaa juu ya nyasi ndio watakaouvuta. Tolea ubavuni, mdomo upite ukingo wa bodi na uelekee chini kidogo, mbali na tangi la dizeli na tairi.

Je, moshi wake ni mweusi? Ukiwa mweusi Isiolo, bomba halitaponya. Angalia chujio la hewa, nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, na pampu yake kwanza. Ukiwa mweusi Timboroa tu, penye zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni hewa nyepesi ya huko na kila injini isiyo na turbo inalalamika.

Mfuga Ngamia
Mweusi kidogo hata hapa, kwa hiyo nozeli zitakwenda kupimwa wiki hii. Bomba litakuwa la milimita 76, chuma cha milimita 2, kiungo kinachonyumbuka baada ya manifoldi, sailensa yenye mdomo wa kipenyo hichohicho, na litatokea ubavuni kushoto likiwa na bati la kukinga joto chini ya sakafu ya bodi. Turniboi amenuna, nami nimemwahidi honi mpya.

Mama Chuma
Vizuri. Siku ya kazi, ondoa nyaya za betri kabla fundi hajawasha mashine, na ufagie bodi mpaka kwenye nyufa za mbao. Mabaki ya nyasi hukaa humo, na cheche za kuchomelea huyapata.